Namba Zinaishia Sitini

Mimi hushona yunifomu za watoto wa wenyewe, na wangu hawavai. Ukitaka kuwachekesha wanawake wa ploti yetu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, waanzishie hiyo. Mama mmoja wa ghorofa ya chini aliwahi kunisimamisha kwenye ngazi nikiwa nimebeba rundo la sweta za kijani, akaniuliza kama nimewahi kumwona muuza nyama anayewalisha wanawe maharagwe. Nilimwambia angoje nishushe mzigo ndipo nimjibu vizuri. Hakungoja.

Wakati wa kisa hiki nilikuwa na watatu. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka saba, wa pili msichana wa mitano, na wa tatu alikuwa mgongoni mwangu, kwa sababu ukimshusha analia na ukimwinua analala. Baba yao anaendesha gari la kusambaza mkate. Anaondoka kabla adhana ya alfajiri haijasikika kutoka msikiti wa ng'ambo ya barabara, na anarudi mchana umekwisha, nguo zinanukia mkate mpya na yeye hana nguvu ya kumenya hata kitunguu.

Mkubwa alikuwa amekwenda shule, tena shule nzuri tu ya hapa karibu ambayo sitaitaja. Darasa lilikuwa limejaa na mwalimu alikuwa mmoja. Mtoto wangu ni mpole wa kusema, ukimuuliza kitu anakitazama kwanza. Huko hapakuwa na nafasi ya kutazama. Akaanza kutapika uji asubuhi, kwanza nyumbani, kisha kwenye lango la shule, kila siku ya Mungu. Halafu akaacha kuongea hata nyumbani. Niliporudi naye siku moja akiwa amejikojolea, amelowa mpaka soksi na hakuna mtu aliyekuwa ameona, nikasema basi, atasomea nyumbani. Sikuuliza mtu. Mimi nikikasirika huwa sina kikao.

Kikao kilikuja baadaye. Mume wangu alilelewa na dada yake mkubwa baada ya mama yao kufariki, na huyo dada ni mwalimu Murang'a, amefundisha watoto wadogo tangu mimi sijajua kushika sindano. Neno lake kwetu ni zito. Alipiga simu akasema, "Wifi, kusomesha si kushona." Nikamwambia najua. Akasema, "Haya mwalimu, chukua mwaka mmoja. Agosti nikifunga shule nitakuja nimpime. Akiwa sawa, abaki. Asipokuwa sawa, naenda naye, akae kwangu na asome shuleni kwangu." Mume wangu akasema ni maneno ya haki. Nami nikakubali, kwa sababu wakati huo mwaka niliuona mrefu.

Mwaka wenyewe ulikwenda hivi. Darasa lilikuwa meza ya kukatia nguo, sebuleni, cherehani upande wa dirisha na jiko la gesi upande wa mlango. Ubao hatukuwa nao. Nilikuwa natandaza kitambaa cha bluu nzito, tunaandika herufi kwa chaki ya fundi, tunasoma, halafu napangusa na kukata sketi. Kuna mtoto wa Kariobangi alivaa muhula mzima sketi iliyoandikwa "ba be bi" ndani ya pindo. Mama yake aligundua akifua, akanipigia simu kuniuliza ni dawa gani hiyo nimemwekea mtoto. Jamani!

Maji kwetu hutoka Jumanne na Ijumaa. Ukisikia bomba linakohoa, somo limekwisha, kila mtu anakimbilia mtungi, hata wa miaka mitano ana kidumu chake. Kusoma tulikuwa tunasomea jikoni, natwanga kitunguu saumu huku mkubwa akisoma kwa sauti, na akikosea namrudisha bila kugeuka. Wateja wakija tunasimama. Kuna siku tulisimama mara kumi na somo lilikuwa moja. Nilikuwa napiga kelele, sitaficha. Nilikuwa napiga kelele halafu naomba msamaha halafu napiga tena. Lakini mtoto alirudi kuongea. Mwezi wa tatu alinihadithia ndoto yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa na pini mdomoni, na nikashindwa kumjibu kwa sababu ya zile pini na kwa sababu nilikuwa nalia.

Hesabu ndiyo iliyonipa kiburi. Alikuwa amejifunza kwa tepu yangu ya kupimia. Wateja wakileta watoto kupimwa, mimi nilikuwa napima na yeye anaandika kwenye daftari: kifua ishirini na sita, kiuno ishirini na nne, urefu wa sketi ishirini na moja na nusu. Baadaye akawa anapima yeye na mimi naandika. Alijua nusu, alijua robo, alijua robo tatu. Alijua kwamba ukishonea mtoto anayekua unaacha inchi mbili kwenye pindo. Kitabu cha hesabu cha gredi ya kwanza nilikinunua, nikakitazama kurasa za mwanzo, mbuzi watatu na kuku wawili, nikakirudisha juu ya kabati. Mtoto anayejua robo tatu, mbuzi watatu ni wa nini?

Sasa, kuna desturi moja ya kazi yetu ambayo lazima niieleze. Mtoto unampima mbele za watu na namba unaitaja kwa sauti. Mwanamke mzima unampeleka nyuma ya pazia, unampima kimya, unaandika mwenyewe na unafunga daftari. Nilifunzwa hivyo na mama aliyenipa kazi Muthurwa nikiwa msichana. Alikuwa akisema mteja anaweza kusamehe nguo iliyobana lakini hasamehe namba iliyotangazwa. Nami nikawafunza wangu, hata yule wa miaka mitano: namba ya mtu mzima haitangazwi. Walikuwa wanaishika kuliko amri kumi.

Wifi alifika Alhamisi ya wiki ya pili ya Agosti, na begi moja, gunia la ndizi, na kitambaa cha kitenge cha zambarau ambacho alikitupa juu ya cherehani. "Hicho utanishonea," akasema. "Nina harusi ya binti ya mchungaji." Ni mama mwenye mwili wake, anapoketi kiti kinajua. Watoto walimpenda papo hapo. Mimi nililala nikihesabu makosa yangu.

Ijumaa asubuhi akaweka kiti katikati ya sebule, akamwita mkubwa. Bomba lilikuwa limeanza kukohoa lakini hakuna aliyethubutu kuinuka. Akampa kitabu. Mtoto akasoma, akatulia, akatazama, akasoma tena, ukurasa mzima. Akampa cha Kiingereza, akasoma. Wifi akanitazama na kuitikia kwa kichwa kidogo, kwa kuridhika. Mimi nikaanza kupumua. Niliinuka hata nikaenda kuweka chai.

"Sasa nihesabie mpaka mia," akasema. "Polepole, sina haraka."

Mtoto akasimama wima. Moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa nachagua majani ya chai, hata sikuwa makini, kwa maana hapo nilijua tuko salama. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Akanyamaza.

"Halafu?" wifi akauliza.

"Halafu unageuza," akasema.

"Unageuza nini?"

"Unageuza, unaanza moja." Akamwonyesha kwa mikono, kama mtu anayegeuza utepe. "Namba zinaishia sitini, Anti."

Wifi akamgeukia yule wa miaka mitano aliyekuwa chini ya meza akipanga vifungo. Naye akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni kidogo, kama anayethibitisha habari ya msiba. "Zinaishia hapo," akasema.

"Na mia je?"

"Mia ni pesa," akasema mkubwa. "Si namba."

Uuwi! Niliiona tepu yangu ikining'inia pale kwenye msumari na nikataka kuikata vipande. Ni tepu ya zamani, ina inchi pande zote mbili. Upande huu unaanza ncha hii, upande ule unaanza ncha ile. Ukifika sitini unaigeuza na unaanza moja. Mwaka mzima mtoto wangu alikuwa amehesabu kwenye ile tepu, na watoto anaowapima hakuna hata mmoja anayefika arobaini. Wale ambao namba zao ni kubwa nilikuwa nawapeleka nyuma ya pazia na kunyamaza. Adabu yangu ya kazi ndiyo iliyomfungia hesabu. Na kitabu ambacho kingemwambia ukweli kilikuwa juu ya kabati na vumbi lake.

Wifi hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akasema, "Anasoma vizuri. Lakini mtoto wa miaka saba anafikiri namba zina mwisho. Jumatatu naondoka naye." Nikamwambia, "Wifi, hilo ni la siku moja, nipe siku moja nimfundishe." Akasema, "Ulikuwa na mwaka." Nikamwambia na hao wenye madarasa walikuwa na mwaka pia na mtoto alikuwa anatapika mbele yao. Akasema kwake hatatapika. Akasema kwa upole kabisa. Ningependa angefoka.

Mume wangu aliporudi alisikiliza pande zote mbili akiwa bado na viatu. Akanitazama, akatazama sakafu, akasema tulikubaliana. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Halafu nikachukua mfuko wa kitambaa kutoka kwenye kabati, nikapanga sketi mbili, sweta moja, chupi na mswaki. Nilipanga mimi mwenyewe kwa sababu sikutaka mtu mwingine aziguse.

Jumamosi nilijaribu. Nilimkalisha mkubwa mezani na wateja nikawaambia warudi kesho, jambo ambalo sijawahi kufanya wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Nikamwambia, "Baada ya sitini kuna sitini na moja. Sema." Akasema. "Sitini na mbili." Akasema. Tulifika mia namna hiyo. Nikamwambia arudie peke yake. Akafika sitini, akaitazama tepu.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Sitini na moja. Nionyeshe."

Nikakishusha kile kitabu, nikakipangusa vumbi, nikamwonyesha. Akaitazama ile namba kwenye karatasi kwa heshima, jinsi unavyomtazama mgeni ambaye hujui ametumwa na nani. "Lakini ni ya nini?" akauliza. Nikamfokea. Nilimwambia aache maswali aseme tu, aseme, yeye ni mjinga wa wapi asiyeweza kusema kitu ameambiwa! Nikapiga meza kwa kiganja, mkasi ukaruka.

Akanyamaza. Nikakijua kile kimya chake. Kilikuwa ni kile cha langoni, cha uji na soksi zilizolowa, na safari hii ni mimi niliyekileta, nyumbani kwangu, bila watoto wengine hamsini wa kusingizia. Niliingia nyuma ya pazia nikalia na mtoto mgongoni. Niliogopa kweli. Nilifikiri labda wifi ana haki, labda mtu anaweza kumpenda mtoto sana na bado akawa hafai kumfundisha.

Jumapili wifi na watoto walirudi kutoka kanisani mchana, tukala githeri, na wifi akakumbuka kitenge. "Nipime basi," akasema, "kesho ni safari." Nilikuwa na mtoto titini na mkono mmoja. Nikaanza kuinuka. Akasema, "Kaa. Anipime huyu, nimesikia sifa zake tu."

Nikasema twende nyuma ya pazia. Akasema, "Pazia la nini, si ni watoto wetu?" Baba yao alikuwa ametoka kwenda kinyozi, kwa hivyo tulikuwa wanawake watupu, kutoka miaka hamsini na kitu hadi miezi tisa. Akasimama katikati ya sebule, akanyoosha mikono.

Mkubwa akapanda kigoda. Akapima mabega, akashuka, akaja kuninong'oneza sikioni, nikaandika. Akarudi, akapima kifua, akaja akanong'ona. Akapima kiuno. Kazi yake ilikuwa safi, kidole kimoja ndani ya tepu ili isibane, kama nilivyomfunza. Wifi alikuwa anamfuatilia kwa macho tu.

Akafika kwenye hipsi. Akazungusha tepu, akaivuta, na ncha hazikukutana.

Akaachilia, akazungusha upya, kutoka upande mwingine. Hazikukutana. Mimi najua cha kufanya hapo, nimekifanya mara nyingi nyuma ya lile pazia, na ulimi ulikuwa unaniwasha. Lakini nilikumbuka Jumamosi. Nikauma midomo.

"Mama," akasema, "tepu imeisha."

"Naona."

"Na Anti bado."

Ngai! Nilifunga macho. Nilipoyafungua wifi alikuwa anatazama ukutani, uso hauna habari, mikono bado ameinyoosha. Akasema, kwa sauti ya darasani, ya mtu aliyesimamia watoto wengi wakikwama, "Haya. Sasa utafanyaje?"

Mtoto akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemharakisha. Kisha akaweka kidole cha mkono wa kushoto pale pale tepu ilipokomea, juu ya rinda, akakikandamiza. Akaitoa tepu, akachukua ncha yake ya mwanzo, akaiweka kwenye kile kidole, na akapima sehemu iliyobaki. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sitini, akasema polepole, kisha akaendelea kwa kunong'ona, na kila namba aliyoitaja alisogeza kidole chake inchi moja juu ya shangazi yake.

Alishuka kwenye kigoda akaja mbio, akaniwekea mdomo sikioni. Alikuwa amepata. Nilikagua kwa macho, na alikuwa amepata hasa. Nikaandika, nikafunga daftari. Namba yenyewe sitaiandika hapa.

Alibaki amesimama karibu yangu na tepu mkononi. "Mama, kuna mtu amemzidi Anti?"

"Wapo."

"Na kuna mwingine amewazidi hao?"

"Wapo."

Akaiinua ile tepu, akaitazama ncha moja, akaitazama ncha nyingine, kwa dharau ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto mpole. "Kumbe ni tepu ndiyo fupi," akasema. Akamwita mdogo wake kutoka chini ya meza kumpa habari. Walikaa pale na vifungo, nikawasikia wakihesabu, sitini na tisa, sabini, sabini na moja, mdogo akiuliza kila mara kama bado zipo na mkubwa akimwambia zipo.

Wifi alishusha mikono. Aliketi, akajipangusa uso kwa kile kitenge chake kabla sijakikata, na sikujua kama ni jasho au ni nini. Nilimpa maji.

Baba yao akarudi na kichwa kinang'aa. Akauona mfuko mlangoni, akapoteza furaha ya kinyozi. "Dada," akasema, "kesho mnatoka saa ngapi, ili niombe ruhusa niwasindikize mpaka stegi ya basi?"

"Natoka peke yangu," wifi akasema. "Mtoto anabaki kwa mwalimu wake. Anajua namba baada ya sitini."

"Tangu lini?"

"Nimeona mwenyewe."

"Anafika ngapi?"

Wifi akanitazama. Mimi nikamtazama mtoto wa titini. Baba yao akaona hatujibu, akamgeukia mkubwa, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa upole, "Mwambie baba. Umehesabu mpaka ngapi?"

Mtoto akamtazama shangazi yake kwanza, akafikiri.

"Siwezi kusema, baba," akasema. "Ni ya mtu mzima."

Wifi akaangua kicheko mpaka kiti kikalia, nami nikacheka naye, na mume wangu akasimama katikati yetu akiuliza nini, ni nini. Nikaenda mlangoni nikauchukua ule mfuko. Nikatoa sketi mbili, sweta, chupi na mswaki, nikavirudisha kimoja kimoja mahali pake.